Samli Kichwani

Nilipohamia machimboni upande wa Geita nilikuwa na cherehani moja, godoro moja, na nywele ndefu kuliko za wanawake wengi niliowakuta kule. Nilizirithi kwa bibi mzaa baba. Ni nyeusi, laini, zinajisokota zenyewe kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta, na zinafika katikati ya mgongo. Aliyeniona kwa nyuma alinisifia. Kwa mbele ilikuwa habari nyingine. Utosini zililala bapa, zimenata kwenye ngozi ya kichwa, halafu kuanzia masikioni ndipo zinafumuka. Mteja wangu mmoja, mchimbaji aliyetoka Kigoma, aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa kama nilikuwa nimenyeshewa, na ilikuwa Agosti.

Kibanda changu cha ushonaji kilikuwa jirani na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi lake liliingia mpaka ndani ya cherehani. Kwa sababu hiyo nilifunga kitambaa kichwani asubuhi hadi jioni, nikaamini kitambaa ndicho chenye makosa. Nilijaribu kukilegeza. Nilijaribu kufunga nywele juu kama kitunguu. Siku moja nilizichana kwa kuzirudisha nyuma kwenye mashina, ili zijazane, na zikajazana kweli, zikafanya fundo ambalo jirani yangu muuza chapati alilifumua jioni nzima huku mimi natokwa machozi. Baada ya hapo nikakubali kwamba ndivyo nilivyoumbwa.

Kisha mdogo wangu akapata mchumba. Sendofu ingefanyika nyumbani kwetu Didia, na akanipigia simu kuniomba nikae naye meza ya mbele siku ya kuagwa. Nilifurahi mpaka nikasimamisha cherehani. Kabla ya kukata simu akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyefikiria namna ya kulisema jambo, "Dada, ila zile nywele zako za mbele, jitahidi."

Nilienda Geita mjini siku ya Jumatano. Saluni niliyoelekezwa ilikuwa ya mama mmoja wa Tanga, wa rika la mama yangu, aliyeweka pazia zito mlangoni ili wateja wake wanaovaa hijabu wakae kwa amani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikalisha. Nikamweleza shida yangu. Aliingiza vidole viwili kwenye mashina ya nywele, akavisugua, akavinusa.

"Unapaka nini, mwanangu?"

Nikamwambia napaka samli ya ng'ombe wa nyumbani, ananitumia mama.

"Kila wiki?"

"Kila asubuhi."

Akafungua bomba la maji. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu, rangi ya vumbi la karasha. Ya pili pia. Akaosha mara ya tatu, akisugua ngozi kwa ncha za vidole, na wakati huo ananieleza kwamba nywele zangu hazina ugonjwa wowote. Ni nyepesi, alisema, na nimezibebesha mzigo: mafuta yanazilaza, vumbi linanata kwenye mafuta, kitambaa kinagandamiza vyote. Mafuta, akasema, yaishie chini kwenye ncha, huko ndiko kunakokauka. Kwenye mashina yasiguse.

Kisha akaomba ruhusa ya kupunguza nywele za juu kidogo, kwa ngazi, ili urefu usizivute. Niliogopa. Nywele zile hazikuwahi kuguswa na mkasi tangu niko darasa la sita. Nikafumba macho nikamwambia akate. Alikata kidogo sana, akanipangusa kwa fulana ya pamba badala ya taulo, akaniinamisha kichwa kikaning'inia karibu na magoti, akakausha kwa draya ya moto mdogo huku ananyanyua mashina kwa vidole. Mahali paliposhuka alibana kwa vibanio vidogo, akavitoa zilipokauka. Mwisho akachukua chanuo lenye meno mapana, akaliingiza mpaka kwenye ngozi, akainua kidogo, akatoa, bila kulivuta hadi chini.

Nilipoinua kichwa nilimwona kwenye kioo mwanamke mwenye nywele zilizoanza juu kabisa, zimesimama upana wa kidole kutoka kwenye ngozi, kisha zinashuka pande zote. Nikacheka peke yangu. Yule mama akacheka pia, akaniambia nisizichane zikiwa kavu, na njia inayogawa nywele katikati niibadilishe mara kwa mara zisije zikazoea kulala upande mmoja.

Furaha ile ilinifikisha machimboni, kisha ikaanza kunitia wasiwasi. Nyumbani kwetu samli haikuwa kitu cha mzaha. Tulipokuwa wadogo mama alitupaka nywele kila Jumapili kabla ya kanisa. Nilipohama alianza kunitumia kopo kila mwezi kwa basi, limefungwa nailoni mara tatu. Akipiga simu swali lake la kwanza lilikuwa kama mzigo umefika na kama naitumia, nami nilijibu kwa fahari kwamba naitumia kila siku. Sasa nimwambieje kwamba fundi wa mjini ameikataa?

Nilifika Didia siku mbili kabla ya sherehe. Mama na shangazi zangu wawili walikuwa jikoni wanachagua mawe kwenye mchele, kila mmoja na ungo wake. Niliwapigia magoti, tukaulizana habari za huku na kule, na mama akanitazama kichwani. Nikaona heri nimalize.

"Mama, nisamehe. Samli yako nimeacha kupaka."

"Kupaka wapi?"

"Kichwani."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akaniita mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama na binti anayependwa vilevile.

"Mayu, ile samli ulikuwa unaipaka kichwani?"

Nikajibu ndiyo, kila asubuhi, kama alivyotufundisha.

"Mimi nilikuwa nakutumia uweke kwenye wali," alisema. "Nilisikia umekonda."

Shangazi mkubwa ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, akashika kiuno, akaomba maji. Mama alijizuia kwa muda, halafu akakumbuka kwamba aliwahi kuniuliza kwenye simu kama samli ya mwezi ule ilikuwa nzuri, nami nikamjibu kwamba inalainisha sana. Yeye akadhani nasifia chakula. Hapo naye akashindwa. Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni kati yao, na mdogo wangu akaja mbio kutoka nje kuuliza nani amefanya nini.

Tulipotulia mama alinieleza kwamba zamani alitupaka samli kwa sababu hapakuwa na kitu kingine, tena tone moja, kwenye ncha tu. Akaingiza vidole vyake kwenye mashina ya nywele zangu, taratibu, sehemu ileile aliyonigusa yule mama wa Tanga, akasema sasa nimefanana na bibi alipokuwa msichana, alivyosimuliwa. Nilikaa tu nikaacha mkono wake ubaki pale.

Asubuhi ya sherehe niliweka kiti uani kwenye jua. Mdogo wangu ana nywele kama zangu, nikamwosha, nikamwinamisha, nikambana mashina kwa vibanio vya nguo nilivyopunguza makali kwa vipande vya kitambaa, maana vya saluni sikuwa navyo. Vilifanya kazi. Shangazi wakapanga foleni. Wa mwisho alikuwa mama, mwenye nywele fupi za mvi, akisema yeye hana cha kuinuliwa lakini si vibaya kujaribu. Nilimpitishia chanuo kuzunguka kichwa chote, nikamshikia kioo.

Alijitazama mbele, akageuza shingo akajitazama pembeni, halafu akauliza kama yule MC aliyekodiwa ana taa za kutosha kwenye turubai.

Jioni ile tuliingia tukicheza, bibi harusi mbele, mimi nyuma yake, na mama nyuma yangu ameinua kidevu kuliko nilivyowahi kumwona.