Mipira Mifupi ya Breki

Fundi alikuwa na sheria moja: gari likiinuliwa kwa springi ndefu, mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, nayo iwe mirefu. Kila mteja aliimbiwa hivyo, huku fundi akipangusa vidole vyake vinene kwa kitambaa kilekile cheusi. Shemeji yake alipoleta gari lake la porini, ekseli ya mbele ilibadilishwa, springi ndefu zikafungwa, lakini mipira mirefu ikakosekana dukani.

"Niachie gari hadi kesho, shemeji."

"Dada yako ameshavaa, ananingoja tusafiri. Hasira zake unazijua, au nikukumbushe?"

Fundi akacheka. Mtu mzima, anayejua, akacheka! Akairudisha mipira ya zamani, ikakazika kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye korongo la kwanza gurudumu lilining'inia, mpira wa breki ukavutika hadi ukakatika, na mteremkoni breki zikagoma. Shemeji alipata mikwaruzo. Dada yake fundi alikatwa mguu.