Kulungu Aliyeondoka na Msuli Wangu

Haya, chekeni tu, najua nyote mmeshaiona ile video, na kile kichwa kinachochungulia kwenye majani, povu la sabuni limejaa masikioni, ni changu, sikatai.

Mama mkwe wangu, Bi Rukia, alikuja Birmingham kututembelea kutoka Tanga, na wiki mbili nzima alikuwa kakaa kwetu Tyseley anatazama malori ya taka dirishani, mpaka nikaona haya (mkwe gani mimi?) nikamwambia, "Mama, nitakupeleka Skotland ukaone wanyama wa porini." Mke wangu Zuhura akasema basi tukodi chumba. Mimi nikajifanya mjuzi, nikasema kule unapiga hema porini bure, hakuna wa kukuuliza, na tena mnyama haji hotelini.

Siku tatu tukaendesha, bonde hili mpaka bonde lile, darubini shingoni, na tuliona nini? Kondoo. Bi Rukia wala hakulalamika, alisema tu kwa upole, "Kondoo wa huku wanene, mwanangu. Wale wa Lushoto wembamba kidogo." Nikatamani ardhi inimeze, maana wiki hiyohiyo alikuwa anarudi zake.

Asubuhi ya nne niliamka mapema, nikachukua ndoo na sabuni nikaenda kuoga kijitoni, nyuma ya jiwe kubwa. Hapo ndipo nilipoharibu: nguo badala ya kuziweka karibu, nikautundika msuli na fulana kwenye kichaka, hatua kama kumi hivi, eti visilowe. Nimeshajipaka povu mwili mzima, maji ya baridi mpaka meno yanagongana, nikasikia mngurumo kama wa ng'ombe mwenye mafua. Kugeuka, kulungu dume, mwekundu, mkubwa karibu sawa na farasi, pembe kama matawi ya mti, anakichapa kichaka changu kwa pembe (nimekuja kuambiwa baadaye kwamba msimu wa kutafuta majike hugombana hata na majani). Alipoinua kichwa, msuli wangu ulikuwa unapepea juu kama bendera, na fulana iko chini ya kwato.

Akaanza kutembea. Kuelekea kwenye mahema.

Nikajitupa kwenye majani marefu nikapiga kelele, "Zuhura! Niletee nguo!" Aliyetokea hakuwa Zuhura. Alikuwa Bi Rukia, kajitanda kanga, simu mkononi anarekodi, ananyata kama askari. Nikazama mpaka kidevuni.

"Mama, tafadhali, geuka, mimi sina..."

"Nyamaza, utamtisha!" akaninong'oneza kwa ukali, wala hakunitazama. Kulungu akasimama mbele yake hatua ishirini, akanguruma, msuli unapepea, na Bi Rukia machozi yanamtoka, "Mashaallah! Mashaallah!"

Kana kwamba hiyo haitoshi, wakatokea wazee wawili wa Kiingereza na mbwa wao, mume na mke, wakamtazama kulungu, wakanitazama mimi, yule mzee akavua kofia, "Good morning," wakapita. Nikajibu, "Good morning." Ningefanyaje?

Kulungu akapanda mlima na msuli wangu, hatukumwona tena. Zuhura ndiye aliyeniletea koti la mvua, anacheka mpaka kakaa chini.

Mimi nikadhani nimekwisha, nitamtazamaje tena mama mkwe? Narudi hemani nimeinamisha kichwa, namkuta yuko kwenye simu na Tanga, sauti juu: "Nyie hamjui! Mkwe wangu kamvuta mnyama kwa msuli wake, kamleta mpaka mlangoni!" Alielewaje hivyo, sijui, na mimi sikumsahihisha. Kisha akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia, "Baba, umenitembeza."

Nimeapa, nikioga nje tena nguo zitakaa juu ya kichwa changu. Lakini kwa furaha niliyoiona usoni mwa yule mama, kulungu akitaka na suruali, aje achukue.