Mektrida Hashuki

Basili wa Kibosho alipofariki, alimwachia binti yake Mektrida shamba la juu kabisa, pale migomba inapokoma na msitu kuanza. Baba yake mdogo, Wenseslaus, alicheka.

"Msichana peke yake huko? Utashuka unalia, na mimi nitapanda majani ya ng'ombe wangu."

"Kapande kwako, baba mdogo."

Akapanda mlimani na panga, godoro na rozari ya marehemu mama yake.

Usiku wa kwanza perere alilia mtini kama mtu anayechinjwa. Mektrida alijifunika gubigubi, akasali rozari mpaka akachanganya matendo. Alfajiri akamwona mwenyewe: kanyama kadogo kama sungura, kametulia kwenye tawi. Akakatukana kidogo, Mungu amsamehe. Kima wakamlia mahindi, akapanda magimbi. Kuni mbichi zikamtoa machozi, hata akajifunza kuzikausha juu ya meko.

Masika ukaja ukungu mzito. Huku chini hatukuuona tena moshi wake. Wenseslaus akapanda na mkewe, Mama Esther, begani kamba, mkononi kitawi cha isale. Kwetu Uchaggani anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi, naye alilijua hilo vizuri.

Walimkuta anapika ndizi, moto unawaka.

"Shikamooni. Sogeeni motoni, mmelowa kama kuku."

"Marahaba. Tulidhani umekufa, mwanangu."

"Ndiyo mkaja na kamba ya kufungia godoro?"

Mama Esther akaficha kicheko kwenye kanga. Wenseslaus akanyoosha isale.

"Nilikutolea maneno mabaya. Nisamehe. Ukishanisamehe, tushuke."

Mektrida akalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Nimekusamehe, baba mdogo, sina kinyongo mbele za Mungu. Lakini hilo la kushuka halimo kwenye isale."

Akatoka na mvua ile ile, akaenda hadi kwenye mpaka wa shamba lake, akachimba kwa panga, akalipanda. Wenseslaus alibaki mlangoni amekodoa macho. Isale likishapandwa mpakani, nani wa kuling'oa?

"Wewe mtoto wewe!"

"Likishika, ng'ombe wako watajua wanapoishia. Karibu ndizi, zimeiva."

Wakala, maana njaa ilikuwepo. Walipoaga, Mektrida akawasindikiza hadi kwenye isale.

"Ile kamba niachieni," akasema. "Nina kuni za kufunga."