Kwenye kiwanda cha mkonge: mashine ilitoka safi, watu wakatoka moshi

Saa mbili na robo asubuhi nilitega kamera yangu ndani ya kiwanda cha mkonge, hapa Morogoro.

Wakuu wa ukurasa huu, salaam. Haya yalinipata mwenyewe, siongezi chumvi. Kazi ya picha nilijifundisha kwa kitabu na kwa kuharibu vioo vya picha, kwa hiyo anayejua zaidi anisahihishe.

Bwana Mdachi mwenye shamba alitaka picha moja: mashine ya kukwangua majani ya mkonge ikiwa kazini, na watu wake kumi na mmoja mbele yake. Kuisimamisha alikataa kabisa.

Mle ndani ni giza, maji ya mkonge yanaruka, kelele usiseme.

Nikapanda jukwaa la mbao la mtia mafuta, ili matone yasiifikie kamera. Kwa mwanga ule lenzi ilitaka kubaki wazi sekunde sita. Nikawaonyesha watu kwa mikono: msitikisike, msipumue.

Nikasafisha kioo ghalani, gizani. Mashine safi, hata misumari unaihesabu. Watu wote moshi mtupu.

Kioo cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo.

Sikuelewa. Inayotikisika imetulia, waliotulia wametikisika?

Wenzake wakamwanza Mzee Kobelo, mlisha majani: "Mzee, picha imekukataa! Hata mkeo hatakujua."

"Atanijua kwa harufu. Nyie nani atawataka?"

Bwana hakucheka. Akamwambia nyapara, "Wamecheza makusudi. Leo usiwatie alama kwenye kadi."

Kadi ni ya siku thelathini, na haijajaa hulipwi. Kobelo alikuwa na ishirini na tisa. Kesho yake kodi ya nyumba ilikuwa inapokewa kwao, juu Uluguru, na asiyekuwa nayo anapelekwa kuchimba barabara.

Akanifuata. "Fundi, nimeshika pumzi mpaka machozi yamenitoka. Nimetikisika wapi?"

"Sijui, mzee wangu."

Na kweli sikujua. Nikarudi jukwaani bila kujua hata natafuta nini. Nikaweka bakuli la maji kando ya kamera. Maji yakachezacheza kama yanachemka. Nikalishusha sakafuni, pale aliposimama Kobelo. Yakatulia.

Nikachungulia chini ya jukwaa: limefungwa kwa bolti kwenye mashine yenyewe. Kamera ilikuwa ikitetemeka pamoja na mashine!

Nikaishusha sakafuni. Kioo cha nne: watu safi, kope kwa kope. Mashine ukungu.

Bwana akavitazama vioo vyote. "Sasa kosa la nani?"

"Langu, Bwana. Hawa hawakutikisika."

"Basi hulipwi."

"Sawa, Bwana. Ila kadi zao zitiwe alama."

Akamwashiria nyapara azitie. Kobelo aliipepea kadi yake wino ukauke, akaenda dirisha la malipo, akashika njia ya mlimani bila hata kuniaga.

Nilichojifunza: kagua uliposimama wewe kabla hujawalaumu unaowapiga picha. Lakini kichwa bado kinanizunguka. Kioo cha tatu na cha nne, kiwanda kimoja, siku moja: kipi kilisema kweli? Na mwenye njia ya kupata watu na mashine pamoja bila kuzima injini, aandike hapa, nitamsoma kwa makini.

Hasara yangu, ujira na vioo: rupia kumi na nne.