Kona Ambayo Baba Hakuitaja

Bango lenyewe ni zuri. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Limepakwa rangi nyekundu na nyeusi, lina picha ya joka linalotoa moto, na chini yake pameandikwa: UKUTA WA JOKA. MITA 1,400. MWINUKO ASILIMIA 17. Limesimamishwa pale chini darajani, mahali ambapo barabara ya kwenda Mogogosiek inaanza kupanda katikati ya majani chai. Mgeni akipita atasimama apige picha. Hatajua kwamba mlima huo ulikuwa na jina kabla ya hilo, na kwamba jina hilo ni la mtu.

Baba yangu anaitwa Kipsang. Amebeba maziwa kwa baiskeli tangu kabla sijazaliwa, na mimi niko kidato cha tatu. Kila asubuhi anakusanya maziwa kwa majirani, anajaza mitungi mitatu ya lita ishirini, anaifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, halafu anapanda hadi kituo cha maziwa Mogogosiek kabla maziwa hayajapata joto. Baiskeli yake ni ile nyeusi nzito, breki za vyuma, haina gia hata moja. Wenzake wako kumi na mmoja. Ukiwaona wakipanda kwa mstari, mashati yamelowa mgongoni, utadhani wanasukuma nyumba.

Milima ya huku wanaijua kwa miguu. Baba haipimi kwa mita. Anasema kuna mlima wa kutoa sweta, kuna mlima wa pumzi tatu, na kuna ule unaoupanda mpaka maziwa yanagusa kifuniko ndani ya mtungi na unasikia yakisema *kwop*. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Kwa nini mlima ule unaitwa Kwa Jerusa? Kwa sababu mama mmoja aliyeitwa Jerusa alikuwa akiwapa maji pale juu. Kwa nini ule mwingine ni Rudisha Mbuzi? Akacheka, akasema nikikua ataniambia. Bado sijaambiwa.

Lakini kuna mlima mmoja hakuwahi kunijibu. Ni huu wa bango. Katikati yake kuna kona yenye misipresi pande zote mbili, miti mikubwa, na kivuli chake hakitoki hata saa sita mchana. Lami pale haikauki. Malori ya majani chai yakipita huangusha majani, magurudumu yanayaponda, na barabara inateleza kama mlenda. Wabeba maziwa wote wakifika kwenye msipresi wa kwanza wanashuka. Wawe wanapanda au wanateremka, wanashuka. Wanasukuma baiskeli kimya mpaka wavuke kalavati, ule mfereji wa saruji unaopitisha maji chini ya barabara, ndipo mtu aseme neno. Hata Ogari, ambaye alihamia kwetu kutoka Kisii na ambaye mdomo wake haujui likizo, pale anaufunga.

Mama ndiye aliyenieleza, jikoni, Baba akiwa hayupo. Miaka kumi na tisa iliyopita, ndugu mdogo wa Baba alikuwa akiteremka hapo na mitungi mitupu asubuhi ya mvua. Alikuwa na miaka ishirini, hajaoa, hana mtoto. Baiskeli iliteleza akaenda na kichwa kwenye kalavati. Jina lake lilikuwa Kipruto. Tangu siku hiyo mlima unaitwa Kwa Kipruto, ila jina hilo halitamkwi ukiwa juu yake. Ukitaka kumwambia mgeni ashuke, unamwambia kabla hamjafika. Ukishaingia kwenye kivuli unanyamaza, kwa sababu yeye yupo pale.

Sasa sikia kilichotokea.

Mwezi wa tano alikuja mtu anaitwa Gachanja. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kericho, alizaliwa Kericho, babake alizeekea Kericho, na ameanzisha klabu ya baiskeli za mbio. Alikuwa anatafuta milima migumu ya kufanyia mashindano. Sikuelewa. Sisi tunatafuta njia ya kuikwepa milima, huyu anaitafuta? Alimkuta Baba kituoni akifungua mitungi, akamwamkia vizuri, akamwambia, "Mzee wangu, nimeambiwa hakuna mlima huku usioujua."

Na Baba akafurahi. Lazima niseme ukweli, alifurahi sana. Kwa siku tatu alimtembeza, Gachanja kwenye baiskeli nyepesi ambayo mimi mwenyewe niliinua kwa vidole viwili, na Baba kwenye ile nyeusi. Walizunguka Mogogosiek yote, wakafika mpaka upande wa Merigi. Simu ya Gachanja ilikuwa imefungwa kwenye usukani ikihesabu mwinuko. Jioni Baba alitusimulia kwa raha, eti simu na miguu yake vilikubaliana juu ya milima yote isipokuwa mmoja, na ni simu iliyokosea.

Siku ya tatu walipanda Kwa Kipruto. Walipofika kwenye msipresi wa kwanza Baba akashuka, kama kawaida. Gachanja akaendelea kukanyaga pedali akihema, kisha akageuza kichwa akauliza, "Hapa panaitwaje, mzee?"

Baba hakujibu. Angejibu vipi, na yuko ndani ya kivuli?

Gachanja akauliza tena. Baba akasukuma baiskeli yake. Walipofika juu, mahali ambapo angeweza kusema, Gachanja alikuwa kwenye simu akimwambia mtu kwamba amepata ukuta, ukuta kabisa, na haukuwa hata na jina. Baba alimsikia. Akangoja amalize. Gachanja alipomaliza akamshukuru, akafunga baiskeli juu ya gari, akaenda. Hakuuliza tena, na Baba si mtu wa kumvuta mgeni shati.

Mwezi wa nane, wiki moja kabla ya mashindano, bango likasimama darajani.

Mimi nilikuwa nimefunga shule. Baba alirudi siku hiyo hakula. Aliketi kwenye kiti cha nje na viatu vyake vya mvua bila kuvivua, na Mama alipomwuliza akasema tu, "Wamemfuta." Nikauliza nani amefutwa. Mama akanikanyaga mguu.

Baada ya hapo hasira ya Baba ikaanza kutembea nyumbani kama mtu. Ilifunga mlango kwa nguvu. Ilimkaripia ng'ombe. Alimpigia Gachanja simu mara nne kuhusu jina la bango, na mara ya nne Gachanja akamjibu kwa upole kwamba ramani zimeshachapishwa. Kuliko upole wa namna hiyo, ni heri mtu akutukane.

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa klabu pale kituoni, kuwaeleza wenyeji barabara zitafungwa saa ngapi. Nilienda na Baba. Gachanja alisimama akaonyesha njia: watapanda huo mlima asubuhi, watazunguka kwa kilomita hamsini, halafu watateremka nao kurudi darajani. Aliposema *watateremka*, wabeba maziwa wakatazamana.

Baba akasimama. Ana mwili mdogo, na koti lake lilikuwa na alama za mipira ya tyubu begani. Akasema anaomba mambo mawili tu. La kwanza, bango liandikwe jina la mlima, Kwa Kipruto. La pili, wakiteremka, kila mtu ashuke kwenye misipresi na kutembea mpaka kalavati.

"Mzee wangu," Gachanja akasema, "nilikuuliza jina mara mbili. Ulininyamazia."

"Pale hatuongei."

"Sasa mimi ningejuaje? Nikaupa jina."

Baba akamwangalia. "Wewe umezaliwa huku. Unajua kwetu mtoto hapewi jina la ukoo hivi hivi. Wazee wanayataja majina ya waliokufa, moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Hapo ndio amekubali. Huu mlima ulipouita Joka, ulipiga chafya?"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Gachanja mwenyewe alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona mikono ya Baba. Ilikuwa imeshika nyuma ya kiti kama anayeshika usukani kwenye mteremko.

Kicheko kilipoisha, Gachanja akasema kwamba anaelewa, ila bango ni la mfadhili, na kuhusu kutembea, hazijawahi kusikika mbio za baiskeli ambazo watu wanatembea. Hawa ni wazoefu, akasema. Wana breki za diski. Wameteremka milima mirefu kuliko huu.

"Mirefu," Ogari akasema kutoka nyuma. "Yenye mlenda je?"

Mkutano ukaisha. Tukirudi nyumbani nilimwambia Baba tung'oe bango usiku. Alisimama barabarani akanigombeza kama sijawahi kugombezwa. Mbao hazijamfanyia lolote, akasema. Kisha akatembea hatua chache akaongeza, si kwangu hasa, kwamba mdomo alikuwa nao siku ile juu ya mlima. Angemwita yule mtu. Angemwita tu.

Jumamosi ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka. Saa tatu waendesha baiskeli walipita wakipanda, thelathini na saba, na sitadanganya, walikuwa wazuri kuangalia. Nguo za rangi zote, na pumzi zao zote zikitoka pamoja kama mashine ya kushona. Mmoja alikuwa msichana, Wahu, jina liliandikwa mgongoni. Nilimkasirikia kwa sababu nilitamani kuwa yeye.

Baba hakuangalia. Alikuwa ameshapeleka maziwa na kurudi kwa njia ya mashambani. Alilaza baiskeli yake kwenye nyasi, akaenda kusimama kwenye msipresi wa kwanza, upande wa juu, ndani ya kivuli. Ogari na wengine sita wakamfuata. Nikaenda pia. Hakuna aliyesema neno. Tulingoja hivyo zaidi ya saa moja na nusu, matone yakituangukia kutoka kwenye majani.

Wa kwanza kutokea alikuwa kijana anaitwa Njuguna. Alikuja kwa kasi ambayo sijawahi kuona kitu chenye magurudumu mawili kikienda nayo, kifua kimelala juu ya usukani. Baba akaingia barabarani akainua mikono yote miwili, akaipunga juu ya kichwa. Shuka, mikono ilisema. Simama. Shuka.

Njuguna akatabasamu. Akainua mkono mmoja, akatupungia.

Alidhani tunamshangilia.

Baiskeli ilimtoka mwanzoni mwa kona. Haikupiga kelele nyingi. Alilala kwa ubavu, akateleza kwa ubavu lami yote ile, akapita kando ya kalavati, labda mita moja, akaingia kwenye majani chai na akapotea. Tulisikia tu matawi yakivunjika.

Na nyuma yetu, juu, tukasikia magurudumu ya wengine yakija.

Nilimgeukia Baba. Mdomo wake ulikuwa umefunguka lakini hakuna kitu kilichotoka. Miaka kumi na tisa. Kisha akakimbia kupanda mlima, kuelekea kwao, na sauti iliyotoka sikujua kama anayo.

"Kipruto! Shukeni! Hapa ni Kwa Kipruto! Shukeni wote!"

Ogari akaichukua. Wengine wakaichukua. Kivuli chote kikajaa jina hilo, na mimi nikaliita mpaka sauti ikapasuka. Wahu ndiye aliyekuwa mbele. Alifunga breki, gurudumu la nyuma likayumba, akaweka mguu chini hatua tatu kutoka kwa Baba. Wengine wakasimama nyuma yake wakigongana. Kisha, mmoja mmoja, wakashuka.

Viatu vyao vina chuma chini. Watu thelathini na sita walitembea kwenye kona ile wakishikilia baiskeli, *tok, tok, tok*, wakiteleza, wakishikana mabega kama wazee wanaotoka kanisani. Hakuna aliyecheka.

Njuguna tulimtoa kwenye chai akiwa hai. Paja lilikuwa limechunika kama muwa na mkono ulikuwa umevunjika. Gachanja alifika na gari, akaruka nje, uso umebadilika rangi. Alimwona Njuguna, akaona kalavati, akapima kwa macho ile mita moja.

"Si ungeniambia vizuri, mzee," akasema.

"Jana nilikuambia."

"Na kabla ya jana?"

Nilidhani Baba atarudi kwenye kimya chake kile. "Kabla ya jana nilinyamaza," akasema. "Hiyo ni yangu, nitaibeba. Jana ni yako."

Gachanja akamsaidia Njuguna kuingia kwenye gari.

Bango bado lipo. Ni wiki ya tatu sasa, na joka bado linatoa moto. Gachanja alituma ujumbe kwamba atazungumza na mfadhili. Huenda atazungumza. Wahu alirudi Jumapili iliyofuata na baiskeli yake, peke yake, na kwenye msipresi wa kwanza akashuka bila kuambiwa. Sina budi kumpenda, ingawa sitaki.

Baba bado ana hasira. Hasalimii bango, kama mtu anavyompita jirani aliyemkosea. Lakini kitu kimoja kimebadilika. Asubuhi nikiwa nakamua, mlima ukiwa ng'ambo ya mto, namsikia akifika kwenye misipresi na wenzake kumi na mmoja nyuma yake. Anashuka kwenye baiskeli. Halafu anaita, kwa sauti ya kusikika mpaka darajani, kwa yeyote anayekuja nyuma, mbeba maziwa au mgeni:

"Shuka. Ni Kwa Kipruto."