Fundi Bomba na Mwanamke wa Gauni Jekundu

Fundi Bomba alikuwa mtu wa maneno machache na malalamiko mengi, na katika malalamiko yake yote hakuna lililokuwa na mizizi kama lile la Duka Kuu.

Duka hilo lilisimama katikati ya jiji, ghorofa saba za vioo, na sifa zake zilivuma hata kwa watu ambao hawakuwahi kulikanyaga. Mifuko yake ya karatasi yenye vishikio vya kamba ilitunzwa majumbani kama vyeti. Mkewe Fundi, karani wa shule ya msingi, alikuwa nayo kadhaa, na alikwenda nayo kazini kwa zamu, ndani yake mkiwa na mwavuli tu na chakula cha mchana.

Kila mwisho wa mwezi yeye na dada yake walikwenda huko kufanya manunuzi, na Fundi alilazimika kuwapo kwa sababu, kama alivyosema shemeji yake, mizigo haijibebi. Mizigo yenyewe ilikuwa pea ya soksi na sabuni. Kununua walinunua kidogo; kutazama walitazama vyote. Walijipulizia manukato ya majaribio viganjani, shingoni na, muuzaji akigeuka, hata kwenye leso. Walijaribu viatu ambavyo kila mtu, pamoja na viatu vyenyewe, alijua haviondoki pale. Fundi aliwafuata nyuma na mikoba miwili ya kike mabegani, uso umemkunjamana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Siku moja, walipofika kwenye mapazia, uvumilivu ulimwishia.

"Mama Pacha, mimi nawasubiri nje."

"Nje kunanyesha, baba."

"Heri mvua. Haina ghorofa saba."

Akawarudishia mikoba yao, akashuka kwa ngazi za umeme, akatoka. Mvua haikuwa na utani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka kubwa la vitabu, nalo lina jina lake mjini, lakini Fundi alikuwa amelipita miaka nenda miaka rudi bila kuligeuzia shingo. Alivuka mbio akaingia, akasimama kati ya rafu huku maji yakimdondoka, akijifanya mteja. Ili mikono isikae bure, alichukua kitabu kilichokuwa karibu. Jalada lilikuwa na treni, na mbele ya treni mwanamke wa gauni jekundu aliyewapa watu mgongo. Fundi alidhani ni kitabu cha mambo ya reli.

Hakikuwa cha reli. Kilikuwa cha mkuu wa kituo cha treni, mtu mpole, aliyempenda mwanamke mmoja abiria wa kila asubuhi, naye hana ulimi wa kumwambia. Fundi alipong'amua kwamba hayo ni mapenzi matupu, alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo mkuu wa kituo anazuia treni isiondoke kwa sababu tu mwanamke yule bado hajafika. Hapo hakuna muungwana anayeweza kufunga kitabu.

Shemeji mtu alipompigia simu kumwambia wametoka, Fundi alitazama huku na huku, akatoa mfukoni kipande cha tepu nyeupe ya kufungia maungio ya bomba, akakitia kati ya kurasa, akakirudisha kitabu nyuma ya vingine.

Tangu hapo mambo yalibadilika nyumbani. Mwezi uliofuata haukuwa umefika nusu Fundi alipouliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Hivi huko Duka Kuu, hamwendi wiki hii?" Mkewe akadhani hakusikia vizuri. Siku ya kwenda, Fundi alisugua kucha zake kwa brashi mpaka zikang'aa, maana mara ile aliacha alama ya kidole kwenye ukurasa na ilimtia aibu. Akavaa shati la kutokea. Akawaacha wanawake mlangoni mwa Duka Kuu, akawaambia watazame kwa nafasi, wasiharakishe.

Dada mtu alimsindikiza kwa macho.

"Mdogo wangu," alisema, "fundi bomba mwenye kucha safi siku ya mapumziko, mimi sijapata kumwona."

"Labda amezeeka vizuri."

"Mwanamume haanzi kuzeeka vizuri ghafla. Mimi ningekuwa wewe, ningemfuata."

Mama Pacha alimcheka dada yake ghorofa ya kwanza. Ya pili akacheka kidogo. Ya tatu, mbele ya masufuria, akaliacha sufuria alilokuwa amelishika, akateremka bila kuaga.

Aliambiwa na mlinzi wa mlangoni kwamba mzee wa shati la bluu amevuka kuingia dukani kule. Mama Pacha akavuka pia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno yake, kwanza makali, halafu makali zaidi. Akapita rafu za watoto, akapita za mapishi, mpaka pembeni kabisa, kwenye vitabu vya ufugaji wa kuku ambako hapakuwa na mtu. Palikuwa na mumewe peke yake. Alikuwa ameshika mikononi kitabu kinene cha magonjwa ya kuku, na ndani ya kitabu hicho amefumbata kingine, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

Maneno yote makali yakamtoka kichwani.

"Baba Pacha, nani amefariki?"

Fundi aliruka. Kitabu cha kuku kikaanguka, cha pili kikabaki mkononi. Akajaribu kukificha nyuma, kisha akaona haina maana.

"Hajafa mtu," alisema. "Amehama. Ameondoka na treni ya jioni, na yule bwana hajui. Yuko ofisini anaandika hotuba ya kumposa."

"Nani ameondoka?"

Fundi akampa kitabu. Mama Pacha akalitazama jalada, akamtazama yule mwanamke aliyegeuza mgongo, akamtazama mumewe mwenye kucha safi.

"Kumbe mke mwenzangu ndiye huyu," alisema. "Gauni limemkaa vizuri, sikatai."

Akaketi juu ya kigoda cha kupandia rafu. "Haya, nisimulie tangu mwanzo. Alikuwa anakwenda wapi kila asubuhi?"

Muuza vitabu, bwana mwenye tai iliyobana, aliwakuta hapo Fundi akieleza kwa mikono miwili namna bendera ya kituo inavyoshushwa. Hakuwafukuza. Alikiinua kitabu cha kuku, akakipangusa, akasema kwa adabu kwamba ile tepu nyeupe alikuwa ameiona tangu mwezi uliopita, na kwamba ingempendeza sana kama leo kitabu kingekwenda nayo nyumbani. Kikaenda nayo. Kilikuwa kitabu cha kwanza Fundi kununua tangu alipomaliza shule, na alikibeba njia nzima mwenyewe, soksi akamwachia shemeji.

Shida ilianzia nyumbani. Fundi alisoma kwa mwendo wa mtu anayekagua bomba, kiungo kwa kiungo, midomo ikicheza. Mkewe, aliyezoea kupitia mafaili ya shule nzima, alikimaliza mume akiwa kazini. Alikuwa ameahidi kutosema neno. Kwa siku mbili alitimiza, ila alikuwa akipumua kwa masikitiko kila mumewe alipofungua ukurasa. Siku ya tatu, wakila, likamponyoka.

"Na huyo mkuu wa kituo angechungulia tu ule mkoba alioachiwa, maskini, wala asingeteseka."

Fundi akaweka kijiko chini.

"Mkoba gani?"

Mkewe akajiongezea mchuzi.

"Mama Pacha, mkoba gani?"

Fundi alinuna hadi mwisho wa wiki. Kununa kwenyewe kulimpa wasaa wa kusoma, na jioni moja akatoka chumbani macho mekundu, akaja kuketi karibu na mkewe aliyekuwa akipiga pasi.

"Nilijua la mkoba," alisema, "na bado limenimaliza."

"Mimi nililia shuleni, mwalimu mkuu akanipa ruhusa ya ugonjwa."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, hata pasi ikaacha alama kwenye foronya.

Mwisho wa mwezi dada mtu alipanda ngazi za umeme peke yake, akigeuka nyuma kuwatazama kama watu waliopotoka. Wale wawili wakavuka barabara. Walichagua kitabu kimoja, chenye mashua jaladani, baada ya mabishano marefu, na mkataba ukawekwa: atasoma Fundi kwa sauti, hapana mtu kukigusa kitabu mwenzake akiwa hayupo.

Jioni hiyo alivaa miwani, akajikohoza, akaanza. Mama Pacha alikuwa ameegemea mto, macho ameyafumba.

"Umeruka mstari," alisema.

"Sikuruka."

"Nimesikia umeruka. Rudi nyuma, baba."

Fundi akalalamika kidogo, akarudi.