Pichi Iliyokunywa Jabia Letu

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa rola ya chuma, nikaambiwa niivute. Nilikuwa mtu mzima, fundi wa chokaa, nimepiga lipu nyumba za mtaa wa Mkomani, Amu, ambazo wenyewe wanajivunia hadi leo, nami nikatiwa kamba begani nivute chuma. Mkuu wa Viwanja, bwana mmoja Mhindi mzaliwa wa Nairobi, mwenye kofia pana na sauti ya chini, aliniacha mpaka nikalowa jasho. Kisha akasema, "Polepole, fundi. Udongo huu haupigwi, unabembelezwa." Nilimchukia siku ile, na baadaye nikaona kwamba hakuna aliyenifunza kazi kama yeye.

Nyinyi vijana mnaijua Timu ya Visiwa kwa jezi na fataki zake, na kwa wachezaji wa kigeni wanaogombewa kwa mnada. Mnadhani imezaliwa Mombasa. Imezaliwa kwetu, kisiwani Pate, katika kijiji ambacho sikitaji kwa kuwa wenyewe hawapendi. Ligi ya kriketi ilikuwa mpya wakati huo, na timu zake hazikuwa vilabu vya watu wa mtaa mmoja waliochangiana nauli. Kila timu ilikuwa mali ya kampuni, ina mkurugenzi na meneja na mikataba, inaendeshwa kama hoteli. Mkurugenzi wetu nyanya yake alikuwa mtu wa Pate, naye alitaka televisheni ionyeshe nyasi za kijani na bahari nyuma yake. Mjini Amu hakuna nafasi. Mtu akinyoosha mguu mtaani Langoni humpiga teke jirani. Basi kiwanja kikaja kwetu, na kijiji kizima kikafurahi. Mimi pia nilifurahi, msinidhanie mtabiri.

Sharti niwaeleze pichi, la sivyo mtanisikiliza bure. Kiwanja cha kriketi ni duara kubwa la nyasi, lakini mchezo wenyewe uko katikati, kwenye ukanda mwembamba wa udongo mgumu. Ukanda huo ndio pichi. Mrushaji yuko mwisho huu, mpigaji yuko mwisho ule na gongo lake, analinda vijiti vitatu nyuma yake. Mpira hugonga chini kwanza ndipo umfikie, na ni mgumu, ukikupata kichwani utaona nyota mchana. Kwetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, kwa hiyo udongo mweusi ulivushwa kutoka bara, magunia kwa magunia. Udongo ule hulowekwa mpaka ndani, hupitishwa rola ukiwa unakauka, kisha hulowekwa tena, wiki baada ya wiki. Ukinyimwa maji hupasuka, na mpira unaogonga ufa humrukia mtu usoni. Mkuu wa Viwanja aliwahi kumwona kijana akipoteza jicho hivyo. Hakutaka maji kwa anasa, na hilo nataka mlijue kabla hamjaanza kutukana watu.

Na maji kwetu ni jabia. Jabia ni birika kubwa lililochimbwa ardhini, na kando yake sakafu pana ya chokaa yenye mteremko. Mvua ikinyesha, maji huteremka sakafuni yakaingia birikani. Jabia letu lilijengwa zamani na bibi mmoja tajiri asiyekuwa na mtoto, akaliweka wakfu kwa ajili ya Mngu. Sharti lake lilikuwa moja, nasi tulilirithi pamoja na maziwa ya mama: anayeomba maji asiulizwe. Mwenyeji, mgeni, mtu unayemdai, mtu aliyekutukana jana, akisema "naomba maji" jibu ni "teka." Kumuuliza mtu maji ni ya nini ilikuwa aibu kubwa kuliko kumtazama akila. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza, tangu utoto wangu.

Meneja wa Timu, kijana mstaarabu wa Nairobi, alikuja barazani baada ya swala ya alasiri. Alivua viatu, akasalimia kila mtu kwa mkono. Aliyesimamia wakfu alikuwa Bwana Lali, mzee mwembamba ambaye hata hasira yake ilikuwa na adabu.

"Wazee," Meneja akasema, "tunaomba maji."

"Mai ni ya Mngu," Bwana Lali akajibu kwa lugha yetu. "Tekeni."

Hakuuliza mengi au machache, ya kunywa au ya nini. Hakuna hata mmoja barazani aliyeuliza. Meneja alishukuru sana, akaondoka akijua amekubaliwa, na kwa desturi yetu alikuwa amekubaliwa kweli. Sisi tuliwaza ndoo na madumu. Asubuhi ya pili kilishuka kinu cha kuvutia maji, cha petroli, na bomba lililofika kiwanjani kupitia nyuma ya makaburi, hadi kwenye tangi kubwa la plastiki.

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja. Kinu kilinguruma kila asubuhi, na maji ya jabia yakawa yanashuka ngazi moja baada ya nyingine. Wanawake waliokuwa wakiteka kwa kuinama tu sasa walishuka ndani na watoto mgongoni. Nikamwendea Bwana Lali.

"Bwana, sema neno. Wewe ndiye msimamizi."

"Niseme neno gani? Nimwambie mtu aliyeniomba mai asiteke?" Aliniangalia kama niliyemwambia avue nguo sokoni. "Wewe umezawa hapa. Umepata kulisikia neno hilo?"

"Sijalisikia. Lakini hawa wanamwagilia udongo, Bwana."

"Basi wao wajue wenyewe kwa Mngu wao. Mimi siwezi kuwa wa kwanza."

Niliondoka nimekasirika. Nikamwendea Mkuu wa Viwanja, nikamweleza yote, sharti la bibi na mengineyo. Alinisikiliza, akavua kofia, na mchana ule ule akaenda kwa Meneja. Nilikuwapo. Alimtaka alete maji kwa mashua kutoka bara.

"Mashua italetwa mechi ya tatu, bajeti imepangwa hivyo," Meneja akasema. "Wazee niliwaomba mimi mwenyewe, wakanipa. Wangekuwa na shida si wangesema?"

Mkuu wa Viwanja akanitazama mimi, nieleze. Utamweleza vipi mtu wa Nairobi kwamba kwetu hilo ndilo neno lisilosemeka? Nilijaribu. Meneja alinisikiliza kwa heshima, akaandika kitu kwenye simu, na kinu kikaendelea kunguruma.

Mechi ya kwanza ilichezwa. Pichi ilikuwa nzuri, ngumu, haina hata ufa mmoja, na mrushaji wetu wa kigeni alikuja kunishika mkono mbele ya kamera. Nilisikia fahari kifuani, na papo hapo nikauvuta mkono wangu, kwa sababu nilijua ugumu ule umetoka wapi. Timu ilishinda. Vijana wa kijiji walibebana mabegani mpaka magharibi. Wakarudi nyumbani kutia udhu, na ndani ya jabia kulikuwa na matope tu na vyura wawili watatu.

Watu wakaanza kwenda kwenye kisima cha shambani, ambacho tangu zamani kilikuwa cha ng'ombe. Maji yake yana chumvi na mdomo wake uko wazi. Waliambiwa wachemshe, wakachemsha, lakini kuni nazo ni za kutafutwa na mtoto mwenye kiu hangoji. Kuhara kukaingia, kwanza kwa watoto, kisha kwa wakubwa. Zahanati ilijaa mpaka watu wakalazwa kwenye mikeka nje. Nami kila siku nilipita pale nikiwa nimevaa shati la timu. Nilianza kulivaa chini ya kanzu.

Khadija, mke wa ndugu yangu Shee, aliugua usiku, na asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani. Tulimtia kwenye boti tumpeleke hospitali Amu. Tulipofika mkondo wa Manda alikuwa ameshatuacha. Shee alimwambia nahodha ageuze, tukarudi, na binti yao Rukia alikuwa amekishika kichwa cha mama yake mapajani.

Sasa mnisikilize hapa. Maiti wa Kiislamu huoshwa kabla ya kukafiniwa. Maji yakikosekana kabisa, sheria inaruhusu tayamamu, yaani kumpaka vumbi safi usoni na mikononi badala ya kumwosha. Lakini sharti maji yakosekane. Kama yapo na yanafikika, lazima uyatafute. Nyumba ya Shee ilikuwa mwisho wa kijiji, na ukisimama mlangoni kwake uliliona tangi la kiwanja, jeusi, limejaa maji ya mwisho ya jabia, yaliyowekwa akiba kwa mechi ya pili iliyokuwa siku iliyofuata. Waoshaji wakasema, "Kuna kisima." Shee akasema mkewe hataoshwa kwa maji yaliyomuua. Bwana Lali mwenyewe alitoka nje, akalitazama tangi, akasema tayamamu haijuzu. Ndipo Shee akachukua ndoo mbili.

Mimi nilikuwa nimetangulia kiwanjani kuomba ruhusa ya kwenda mazishini. Wachezaji walikuwa mazoezini, Meneja amesimama karibu na lango na simu sikioni. Shee akaja na ndoo zake, kanzu imelowa maji ya bahari hadi magotini. Akasimama mbele ya uzio.

"Naomba maji," akasema.

Meneja akaondoa simu sikioni. Alikuwa na mambo mengi kichwani, na aliuliza kama anavyouliza mtu yeyote wa ofisini. "Maji ya nini?"

Shee hakujibu. Umri wake wote hajaulizwa swali lile, na sasa anaulizwa siku hiyo, mbele ya vijana wa kigeni wenye magongo mikononi, na jibu ni mwili wa mkewe. Aliziweka ndoo zake chini.

"Ni ya kumwosha mkewe," nikasema mimi. "Amekufa asubuhi hii."

Meneja akasawijika. Simu ikamponyoka mkononi. Alikimbia mwenyewe, naam, alikimbia, akafungua bomba, akasema chukueni yote, jamani chukueni yote, na machozi yanamtoka. Si mtu mbaya yule, nasema haki. Mkuu wa Viwanja alikuwa ameshavua kofia. Shee alijaza ndoo zake mbili, akafunga bomba kwa uangalifu tone lisimwagike, akaenda zake. Hakuchukua ya tatu.

Hakuna aliyewafukuza watu wa timu. Mnasubiri niwaambie watu walichoma kiwanja, au walizuia boti. La. Mechi ya pili ilichezwa na mabenchi yakawa matupu. Aliyekuwa akipika chai kwa ajili ya timu akawa na udhuru, mwenye boti naye akawa na udhuru, na wote walitoa udhuru kwa maneno matamu. Kampuni ikaleta maji kwa mashua, mengi, hata ya kijiji, ikajenga na choo. Msimu ulipokwisha Mkurugenzi alitangaza kwamba timu inahamia Mombasa kwa sababu za usafiri. Katika maelezo yao, Pate ni mstari mmoja: kiwanja cha muda.

Nilihama nao. Nilikuwa na watoto wanaosoma, na chokaa siku hizi imeuawa na saruji. Shee nilimwendea kumuaga, nikitaraji atanitukana, na ningependelea anitukane. Alisema, "Nenda, kazi ni kazi," akanipa mkono. Mombasa nikawa msaidizi wa kiwanja, baadaye Nairobi miaka kadhaa nikawa mtunza pichi mkuu, chini ya mameneja watatu tofauti. Meneja yule wa Pate aliacha kazi ya kriketi mapema. Niliwafunza vijana wengi kuloweka na kukandamiza. Huko maji hutoka ukutani, unafungua tu yanakuja, na kila asubuhi nilipofungua nilimwona Shee. Kazi niliipenda, sitadanganya. Pichi ikiiva chini ya rola ina harufu yake, na harufu ile ilikuwa ikinifurahisha na kunitia huzuni wakati mmoja.

Sasa nimestaafu, nakaa Langoni kwa binti yangu. Pate naenda nikiitwa na arusi au msiba. Jabia limekarabatiwa, limejaa, lakini lina mlango wa chuma na kufuli. Bwana Lali amefariki, na Shee naye mwaka juzi. Ufunguo anao Rukia, mama wa watu sasa, mkali, mwadilifu. Ukija na dumu anakuuliza ni ya nini, unamweleza, anakupimia. Watu wameridhika, na tangu aushike ufunguo ule jabia halijakauka tena. Nami siwezi kumlaumu, nani amlaumu?

Vijana wa timu wamenipigia simu wakitaka niende kwenye sherehe yao niseme maneno mawili kuhusu mwanzo. Nimewaambia magoti yananiuma. Wazee wenzangu wengi huweka sanda yao tayari kabatini, na mimi yangu ipo, binti yangu anajua ilipo. Lakini kando yake nimeweka pia madumu mawili ya maji safi, yamefunikwa vizuri. Binti yangu hunicheka, huniambia maji ya kukaa huharibika, baba, na hapa mjini maji yapo. Nayabadilisha kila Ijumaa. Nikifa nataka nioshwe kwa hayo, asitoke mtoto wangu na ndoo kwenda kumwomba mtu.